Saanane au Rubondo: nimpeleke wapi baba mpenda ndege mwenye goti bovu?

Binti wa Reli (Ilemela)

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa watu waliokwishafika wenyewe, kwa sababu wa kusikia nimeshaupata wa kutosha nyumbani.

Baba yangu ni mstaafu wa reli na anaishi Tabora. Tangu alipokuwa kwenye stesheni ndogo za katikati ya miombo, ana kaunta buku ambamo huandika kila ndege aliyemwona: tarehe, saa, mti aliokuwa juu yake, na jina kwa Kinyamwezi au Kiswahili, lolote lililomjia kwanza. Sasa yuko kwenye kaunta buku ya nne. Atakuja kwetu wiki ya tatu ya Desemba na atakaa wiki mbili, na kwa umri wake wote hajawahi kukanyaga kisiwa chochote cha Ziwa Viktoria.

Mdogo wangu anasema Saanane ni bustani ya kutazama simba waliofungiwa, kwamba ukimpeleka mzee pale umemdharau, na kama ni kutoa fedha basi zitoke kwa ajili ya Rubondo. Mume wangu anasema Rubondo ni mbali na mzee ana goti la kulia linalomsumbua: mahali tambarare anatembea nusu saa bila taabu, lakini kupanda mawe hawezi. Mfuko wetu unaruhusu safari moja ndefu au safari fupi kadhaa, si vyote viwili.

Naomba pia kujua kama mvua za Desemba zitatuharibia, na darubini ya aina gani inafaa kwa mtu ambaye mikono yake imeanza kutetemeka kidogo. La mwisho, baba amesikia kwamba visiwani huku yupo yule korongo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, na ameshaniambia kwa simu mara tatu kwamba hataki kufa hajamwona. Naomba mniambie ukweli mapema ili nijue namna ya kumjibu.

Mwalimu wa Nyakato

Dada, mfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi hufundisha baiolojia na kila mwaka huwapeleka wanafunzi wa klabu yetu ya mazingira kisiwani Saanane, kwa hiyo pokea maneno yangu ukijua kwamba nina upendeleo.

Mdogo wako amesema kweli nusu. Mahali pale palianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na jina limebaki la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makazi yake kisiwani kabla serikali haijakichukua. Hata hivyo, tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa kamili chini ya TANAPA, ndogo kuliko zote nchini, yenye kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na maji yanayoizunguka. Anayekwenda pale kutafuta simba atarudi amenuna. Anayekwenda kutafuta ndege, akiwa na subira, atapata kazi ya kumtosha asubuhi nzima, kwa sababu kisiwa kimekusanya mahali pamoja vitu ambavyo kwingine utavifuata kwa gari: mawe makubwa, vichaka, miti mirefu, ukingo wa maji na matete.

Kinachowaharibia watu wengi ni saa wanayokwenda. Mara yangu ya kwanza nilipelekwa na wakala mmoja wa mjini aliyetukusanya saa moja asubuhi, akatuzungusha kuchukua wageni wengine katika hoteli tatu, tukateremka kisiwani saa tano na nusu. Jua lilikuwa utosini, mawe yanachoma, na ndege wote wenye akili walikuwa wamejificha. Tuliona tumbili na swala pala, tukala chapati, tukarudi, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikisema maneno yale yale ya mdogo wako. Kwa hiyo usisubiri siku ya safari. Nenda siku moja kabla katika ofisi ya hifadhi iliyoko Capri Point, uliza boti ya kwanza huondoka saa ngapi, ueleze kwamba mnakwenda kwa ajili ya ndege, na ulipie kwa kontroli namba mapema badala ya kutegemea fedha taslimu. Kuvuka kwenyewe ni kwa dakika chache tu.

Kuhusu goti, msijaribu kuzunguka kisiwa. Njia za juu ni za mawe na hazimfai. Mtafutieni mzee kivuli karibu na maji, si mbali na mahali boti inapotia nanga, mumpe kiti cha kukunja mtakachokwenda nacho, kisha mumwache akae walau saa nzima. Nimewaona wanafunzi wangu wanaotembea sana wakirudi na ndege tisa, na yule mvivu aliyekaa chini ya mti akirudi na ishirini.

Kwa mtu aliyezoea ndege wa miombo ya Tabora, wengi atakaowaona hapa watakuwa wageni kwake. Yupo chozi wa kandokando ya ziwa mwenye kifua chekundu, ambaye dume lake hung'aa kijani na lina mkia mrefu uliochongoka. Wapo kwera wadogo wa manjano wenye mdomo mwembamba, wanaofuma viota vyao karibu kabisa na maji. Yupo shore wa kinamasi, ndege wa rangi ya udongo asiye na pambo lolote, ambaye hukaa kwenye kijiti kile kile, akaruka kukamata mdudu, akarudi pale pale. Wageni humpita bila kumtazama, lakini nina hakika baba yako atamwandikia mistari minne. Halafu yupo ndege mmoja wa vichakani mwenye mgongo mweusi tii na kifua chekundu kama damu mbichi, ambaye huimba akiwa amejificha, dume na jike wakipokezana kwa haraka hivi kwamba utadhani ni koo moja. Huyo utamsikia mara kumi kabla hujamwona mara moja. Mwelekeze mzee atazame chini, kwenye kivuli cha kichaka, maana huko ndiko hupekuapekua.

Juu ya mawe, hata jua likiwa kali, atamkuta mjusi kafiri wa Mwanza, ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu. Watoto humwita Spider-Man, na sayansi imempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Pimbi nao watakuwa wamejianika hapo kama wazee kwenye baraza. Fisi-maji wapo, ila kumwona ni bahati ya mtu.

Darubini mnunulie ile iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ambazo kitu kinakuzwa, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ambao ndio unaoingiza mwanga. Muuzaji atakusukumia ya 10 au 12 akikwambia ni kali zaidi, na ukali wake ni kweli, lakini kadiri inavyokuza ndege ndivyo inavyokuza pia mtetemo wa mkono, na ndani ya boti ndege atakuwa anacheza ngoma machoni pa mzee.

Mvua za vuli zisikutishe. Hunyesha na kuacha, na baada ya mvua ndege hutoka kwa wingi. Tena Desemba ndio wakati ambapo wageni kutoka Ulaya na Asia wako kwetu: mbayuwayu, buabua, na wale ndege wadogo wenye miguu mirefu wanaokimbia kandokando ya maji huku wakitikisa mkia.

Mkazi wa Muganza

Nimemsoma Mwalimu kwa heshima na sina ugomvi na Saanane. Ila naona goti la mzee limetumiwa kuikataa Rubondo, wakati kwa maoni yangu goti hilo hilo ndilo sababu ya kwenda huko.

Saanane unatazama ndege ukiwa juu ya mawe. Rubondo unaweza kuwatazama siku nzima ukiwa umekaa ndani ya boti. Mwendesha boti hupunguza mwendo, huingia ghuba moja baada ya nyingine kufuata ukingo wa msitu, akazima mashine, na boti ikaelea yenyewe karibu na mafunjo. Mzee hana haja ya kunyanyua mguu. Mahali penye miti mirefu iliyoinamia maji ndipo penye furukombe, na Rubondo inasifika kwa wingi wao: utamkuta mmoja juu ya mti, na kabla hujamaliza ghuba umeshamwona mwingine, kichwa cheupe pee, akirudisha shingo nyuma na kulia ile sauti yake ambayo hata asiyejua ndege anaijua.

Hifadhi ile ina kilomita za mraba 456.8 ukijumlisha maji na visiwa vidogo, na kisiwa chenyewe kikubwa ni kama nusu ya hapo. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Sehemu kubwa ni msitu, vijiji hakuna, na ukilala pale usiku utasikia kiboko akitafuna majani karibu na ukuta wa banda lako. Wanyama wake wengine waliletwa kwa makusudi. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, yule Mjerumani aliyejulikana kwa mambo ya Serengeti, na shirika lake la wanyama la Frankfurt, walileta sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya na kuwaachia msituni wajitafutie wenyewe. Waliopo leo ni wajukuu na vitukuu vya wale. Tembo, twiga na mbega nao waliletwa. Hata kasuku wa kijivu wapo, ambao waliachiwa pale mwaka 2000 baada ya kukamatwa katika biashara haramu. Sokwe msiwafuate, maana kuwafuata ni kutembea msituni kwa saa nyingi, milima na mabonde, na hapo goti litasema.

Mnyama wa kumtafuta kutoka ndani ya boti ni nzohe, ambaye yeye hakuletwa na mtu. Ni jamaa wa pongo, lakini kwato zake ni ndefu na hutanuka anapokanyaga, kwa hiyo anatembea juu ya matope na mafunjo bila kuzama. Akitishwa huingia majini akabaki na pua tu juu. Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi: jike moja limesimama ndani ya mafunjo, maji tumboni, yangeyange mmoja amesimama bua la pembeni yake, na wote wawili wanatutazama sisi kana kwamba tumechelewa.

Safari ya siku hizi si ile anayoifikiria mumeo. Zamani tulikuwa tukipanga foleni ya pantoni pale Kigongo, na mtu hakuweza kuahidi saa ya kufika popote. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, lina urefu wa kilomita 3 hivi, na unalivuka kwa dakika chache tu. Mkitoka Mwanza mnapita Geita, mnashika njia ya Chato, mnaingia Muganza, kisha bandari ndogo ya Kasenda. Hapo boti huchukua kama nusu saa hadi kisiwani, na gari la hifadhi linawavusha hadi Kageye, upande wa mashariki, yaliko makao makuu na mabanda ya kulala. Ipo pia njia ya Nkome, lakini kwa boti ni kama saa mbili, na kwa mzee sitaipendekeza. Boti na gari la hifadhi ni vya kuombwa mapema, si vya kufika na kupungia mkono.

Sitakuficha kwamba ni gharama. Kinachoumiza ni boti, kwa hiyo wasafiri wakijikusanya familia mbili wanapumua. Na chini ya usiku mbili usiende, maana siku ya kwanza itaishia njiani.

Kuhusu korongo mwenye mdomo kama kiatu, ambaye vitabu vinamwita korongo-nyangumi, mwambie mzee ukweli leo hii: asije ziwani kwa ajili yake. Makao yake yanayojulikana nchini ni vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi, upande wa magharibi, kati ya Tabora na Kigoma. Yaani baba yako amemzunguka miaka yote akiwa kazini, na sasa anapanda basi kumkimbia.

Mzee wa Kirumba

Binti yangu, wamekushauri vizuri, nami nitaongeza machache tu kwa sababu vidole vyangu havipendi simu.

Kabla hujalipa senti kwa mtu, mpeleke baba yako Mwaloni, hapa Kirumba, alfajiri, dagaa wanapoteremshwa. Atawakuta korongo marabu wamesimama juu ya mapaa, mikono nyuma, upara umewawamba, kama sisi wastaafu tukisubiri dirisha la mafao lifunguliwe. Mwewe hupita chini na kunyakua samaki kwenye beseni mwenyewe akiwa amelishikilia. Fundichuma utamwona akitembea matopeni, na kama ukibahatika utaona kiota chake kwenye panda ya mti, kikubwa kuliko ndege mwenyewe mara nyingi, kimeezekwa juu, mlango uko chini. Sisi tulikatazwa na wazee kukigusa na hatujakigusa mpaka leo. Kisha mpitishe ufukweni lilipo jiwe la Bismarck. Mnandi watakuwa wamejaa huko, na hiyo ni bure.

Nilipoanza kuvua nikiwa kijana, ziwa lilikuwa la furu. Sangara alikuwa ameshaingizwa na Waingereza, lakini hakuwa ameenea huku kwetu. Miaka ya themanini mwanzoni akafumuka, furu wakaisha nyavuni, na nikaona kwa macho yangu mdiria wale weusi kwa weupe wakibadilisha chakula. Zamani akipiga mbizi alitoka na furu mnene akampigapiga kwenye kijiti kabla ya kummeza. Baadaye ikawa ni dagaa mmoja mmoja, na inambidi apige mbizi mara nyingi zaidi kwa shibe ile ile. Mwambie baba yako aangalie kifua cha mdiria huyo: dume lina mikanda miwili myeusi, jike lina mmoja ambao umekatika katikati. Aandike na hilo.

Mambo ya maji ni haya. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi huinuka, kwa hiyo safari yoyote ya boti imalizike mapema. Asubuhi nayo kama kuna wingu jeusi la usiku halijaondoka, subirini, hata kama mmelipa. Laifu jaketi avae kila mtu, na ifungwe kifuani, isiwe ya kukalia. Sisi tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 hatuna mzaha na jambo hilo. Mzee asioshe miguu ziwani hata akisikia joto namna gani, maana kichocho kipo, na mamba naye hasomi mabango.

Na mkiona moshi mweusi unapanda juu ya maji, si moto. Ni wale wadudu wadogo wa ziwa wanaotoka kwa mamilioni. Fungeni midomo, kisha tazameni juu, mbayuwayu watakuwa wamejaa humo.

Binti wa Reli (Ilemela)

Wazee wangu na ndugu zangu, asanteni sana, au tuseme kama wanavyosema majirani zangu, wabeja. Nimemsomea baba maneno yote kwa simu. Habari ya korongo-nyangumi aliipokea kwa kunyamaza kidogo, kisha akauliza Muyovozi panafikika kwa njia gani, kwa hiyo mgogoro huo sasa ni wa kaka yangu aliyeko Kigoma.

Tumeamua kwenda Saanane mara mbili, siku mbili tofauti, zote asubuhi, na Mwaloni kabla ya hapo. Rubondo tunaiweka katikati ya mwaka, tukishapata familia ya pili ya kugawana nayo boti. Mkazi wa Muganza usinikasirikie. Hoja yako ya goti na boti ndiyo iliyomshinda mume wangu, kilichobaki ni fedha tu.

Nina swali dogo kwa Mwalimu. Baba anasema katika mabwawa ya Tabora ameandika mnandi mara nyingi, lakini sasa ana wasiwasi kwamba baadhi yao walikuwa mbizi. Wanatofautishwaje kwa mbali?

Mwalimu wa Nyakato

Wasiwasi wake ni wa haki, kwa maana wote wawili ni weusiweusi, wote huzamia samaki, na wote husimama juu ya jiwe wametanua mabawa ili yakauke, kwa sababu manyoya yao hulowa maji. Atazame mdomo kwanza. Wa mnandi una ndoano nchani, ya kunasia. Wa mbizi umenyooka na kuchongoka kama mkuki, na kweli samaki huchomwa nao. Shingo ya mbizi ni nyembamba na ina kikunjo kama cha nyoka aliye tayari kuuma. Akiogelea, mara nyingi mwili wote huwa chini ya maji na hubaki shingo peke yake, mpaka mtoto atapiga kelele kwamba ameona nyoka. Mnandi akiogelea mgongo huonekana. Kwa zile kurasa za zamani, kama aliandika jinsi alivyoogelea, ataweza kuzisahihisha mwenyewe leo.

Binti wa Reli (Ilemela)

Narudi kutoa taarifa, sasa ni Januari na baba amesharejea Tabora.

Siku ya kwanza Saanane tulikwama: mvua ilinyesha tangu alfajiri, boti ikachelewa hadi saa tatu, na tulipofika kila kitu kilikuwa kinachuruzika maji. Mume wangu alianza kulalamika. Baba akafungua kiti chake chini ya mti karibu na maji, akaweka kaunta buku ndani ya mfuko wa unga ili isilowane, akasema sisi tukatembee. Tulipomrudia baada ya saa moja na nusu alikuwa amejaza kurasa mbili na hakutaka kuondoka. Pimbi mmoja alikuwa amelala hatua nne kutoka kwenye kiti chake, na baba alinionya kwa kidole nisikanyage majani makavu.

Kwa siku mbili za Saanane na asubuhi moja ya Mwaloni ameandika ndege 47, kati yao 16 hajawahi kuwaandika popote. Shore wa kinamasi amepata mistari sita, si minne, Mwalimu. Mdiria jike amechorewa picha yenye mkanda uliokatika. Kurasa tatu za mwaka 1988 zimefutwa neno mnandi na kuandikwa mbizi kwa wino mwekundu, na pembeni ameweka sahihi na tarehe, kama alivyokuwa akisahihisha kitabu cha stesheni.

Darubini ya 8x42 tuliipata, ila imebaki Tabora na sidhani kama itarudi.

Kuna nafasi moja tu iliyobaki wazi. Yule ndege wa kifua chekundu alimsikia siku zote mbili, na siku ya pili, wakati boti inawashwa, alitokeza chini ya kichaka kwa muda wa mtu kuhesabu hadi tano. Baba ameandika saa, mahali na rangi, lakini kwenye safu ya jina ameacha mstari mtupu. Anasema la Kinyamwezi hana kwa sababu kwao hajamwona, la kitabuni ni refu na halina maana kwake, na anataka jina wanalomwita watu waliokua naye. Kuna mwenye jina lake kwa Kisukuma au kwa Kikerewe?

Mzee wa Kirumba

Namjua kwa sauti, jina limenitoka. Mama yangu mdogo yuko Ukerewe, Jumapili tunazungumza naye kwa simu, nitamwigia ule mlio aniambie. Baba yako asiandike kitu kwanza.